Vishikizo vya Mabati: Vipi Vifaavyo Nyumba za Kisii na Nyamira?

Mtu asafiriye leo kutoka mjini Kisii kwenda Nyamira, akitupa macho kwenye migongo ya vilima, ataona mabati yaking'aa kila upande katikati ya migomba na mashamba ya chai. Nyumba za manyasi zimekuwa chache sana. Watu wamejitahidi kwelikweli, maana bati si kitu rahisi kununua, na mwenye nyumba afikapo dukani huuliza maswali mengi ya busara. Je, ni geji 28 au 30? Lina rangi? Litadumu miaka mingapi? Lakini afikapo kwenye vitu vya kulishikia bati hilo, husema tu, "Nipe na misumari ya kutosha," akalipa akaenda zake. Hapo ndipo taabu nyingi za paa huanzia.

Yafaa tukumbuke hali ya nchi yetu. Mvua ya Kisii hupita milimita 1,500 kwa mwaka, na mara nyingi huja alasiri pamoja na ngurumo, mvua ya mawe na upepo mkali. Watu wengi hudhani upepo hulikandamiza paa. Mara nyingi sivyo. Upepo upitao juu ya paa hulivuta kwenda juu, kama mkono ufunuao chungu, na mvuto huo huwa mkali zaidi pembeni, kwenye kona na karibu na kilele kuliko katikati. Nyumba iliyo juu ya mteremko wa Manga na ile iliyo bondeni karibu na mto Gucha hazipigwi na upepo mmoja. Tena, katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, Kaunti ya Kisii ilikuwa na watu 957 hivi kwa kila kilomita moja ya mraba. Bati likiruka hapa halianguki porini. Huanguka uani kwa jirani, nalo lina makali kama panga.

Basi tuanze na msumari, ambao ndio kishikizo cha wengi. Msumari wa mabati wenye kichwa kipana na raba chini yake si kitu kibaya, ila hutegemea mbao. Nyumba nyingi za kwetu huezekwa juu ya mbao za mkaratusi zilizopasuliwa juzi tu, zikiwa bado mbichi. Mbao hiyo ikikauka hunywea, na msumari laini hulegea ndani yake. Upepo hulitikisa bati, tundu hupanuka, na mwaka wa pili mama wa nyumba huanza kupanga sufuria sakafuni. Kama huna budi kutumia misumari, nunua ile iliyosokotwa kama kamba, ishikayo zaidi, na uache mbao zikauke kwanza.

Skrubu ni bora. Hujikata njia ndani ya mbao na haing'oki upesi. Nashauri izame ndani ya mbao sentimita 3 au zaidi. Raba yake isibanwe hata ikapasuka, wala isiachwe ikicheza. Itokeze kidogo tu pembeni ya kichwa. Fundi mwenye haraka hupiga skrubu kwa nyundo, kisha huimalizia kwa mzunguko mmoja. Huyo amekutoza pesa ya skrubu akakupa kazi ya msumari.

Sasa tuje kwenye klipu, ambazo wengi wamezisikia bila kuziona. Yako mabati ambayo hayatobolewi hata kidogo juu yake. Kingo zake hupandana, na chini ya mpando huo hufichwa klipu, yaani kipande kidogo cha chuma kilichofungwa kwa skrubu kwenye pao, kikiushika ukingo wa bati kama kidole. Maji hayana tundu la kuingilia. Aidha, bati hupata nafasi ya kusogea. Chuma kikipata joto hurefuka: bati la mita 12, joto lake likipanda nyuzi 40, hurefuka karibu milimita 6, na jioni hunywea tena. Bati refu lililopigiliwa misumari hula matundu yake lenyewe kwa mwendo huo wa kila siku.

Klipu ni za namna mbili: isiyosogea na itelezayo. Fundi mwenye maarifa huweka mstari mmoja wa klipu zisizosogea, mara nyingi karibu na kilele, na nyingine zote zikawa za kuteleza. Akilifunga bati juu na chini kwa zile zisizosogea, litavimba katikati au kuzing'oa skrubu. Akiweka za kuteleza tupu, bati zima laweza kushuka polepole kuelekea mfereji wa maji. Kadhalika, klipu iwe ile iliyotengenezwa kwa bati lile lile. Mwuzaji akikuambia "zote ni sawa," usimsadiki. Tofauti ya milimita chache katika ukingo yautosha upepo.

Je, kila mtu anunue klipu? Mimi sioni hivyo. Nyumba ya vyumba vitatu, yenye mabati mafupi na paa la mwinuko mzuri, yatoshelezwa na skrubu. Pesa iliyobaki iongeze skrubu pembeni na kwenye kona. Lakini ukumbi wa shule, kanisa kubwa au ghala la kiwanda cha chai, lenye mabati marefu na mwinuko mdogo, lastahili klipu. Kamati ya shule ikijadili gharama hiyo ikumbuke kwamba chini ya paa lile wataketi watoto.

Ukuta wa mabati una sheria yake. Juu ya paa, skrubu hupita kwenye mgongo wa bati, mbali na mkondo wa maji. Ukutani hupita bondeni, bati linapogusa mbao, ili likazike vizuri.

Jihadhari pia na kuchanganya madini. Shaba ikigusana na bati la zinki mahali penye unyevu, zinki huliwa upesi. Dawa nyingi za kuhifadhia mbao zina shaba ndani yake, kwa hiyo mbao iliyotiwa dawa yahitaji skrubu na klipu zenye kinga nzito, na iwe imekauka. Vumbi la chuma litokalo kwenye kekee lifagiliwe siku ile ile, kwani huota kutu na kulitia bati madoa.

Wakati mzuri wa kukagua paa la zamani ni Januari au Februari, kabla ya mvua za masika, asubuhi bati likiwa bado baridi. Anza na kona zielekeazo upepo. Kishikizo kizungukacho kwa vidole hakishiki kitu. Weka skrubu nene zaidi, yenye raba mpya, katika tundu lile lile.