Kutotoa Mayai ya Bata Majumbani: Joto na Unyevu kwa Kipimo



Katika masika moja, miaka michache iliyopita, mama mmoja jirani yetu, mjane mwenye watoto wadogo, alitujia asubuhi na ungo wenye mayai 14 ya bata. Bata aliyekuwa akiyaatamia kwa siku tatu aliuawa na mbwa usiku ule, na mayai yalikuwa yangali na uvuguvugu. Mama huyu alikuwa amesikia ya kuwa nyumbani kwetu tuna sanduku la kutotolea, lenye globu ya umeme, ambalo tumezoea kutotolea mayai ya kuku. Akatuambia, "Mwalimu, haya ni amana. Yakitoka salama, nitapata cha kuwanunulia wanangu nguo za Idi Kubwa."

Tuliyapokea kwa furaha, na pengine kwa kiburi kidogo. Kwa kuwa bata ni ndege wa maji, tulidhani kuwa na mayai yake yataka maji mengi. Basi tukaweka mabakuli mawili ya maji ndani ya sanduku, tukaziba matundu ya hewa ili unyevu usitoke, na kila siku tukayanyunyizia mayai. Siku zikatimia 28. Mayai mawili yakapasuka ufa mdogo, kisha kukawa kimya. Siku ya 31 tulipoyavunja, tulikuta vifaranga 11 waliokwisha kukamilika, wenye manyoya na midomo, wamekufa ndani ya maganda, na miili yao imelowa na kuvimba. Matatu yaliyobaki hayakuwa na mbegu.

Tukaenda kwa jirani yetu na habari hiyo, tukampa na bata wawili wa kwetu badala ya mayai yake. Hakutulaumu. Lakini mwenye kupokea amana hutakiwa aijue kazi yake kabla ya kunyosha mkono, nasi hatukuijua. Tangu siku hiyo tukakata shauri kujifunza, kwa kusoma na kwa kuwauliza wafugaji waliotutangulia, na leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu yale tuliyoyapata, ili hasara yetu isirudiwe katika nyumba zao.

Yai lapaswa kupungua

Jambo la kwanza, na ndilo shina la maneno yetu yote, ni hili: bata hupenda maji, lakini yai lake lataka kukauka kwa kiasi. Ganda la yai lina vitundu vidogo sana visivyoonekana kwa jicho, na katika vitundu hivyo hewa huingia na mvuke wa maji hutoka. Kadiri maji yanavyotoka, ndivyo kinavyokua chumba cha hewa kilichoko upande mnene wa yai. Kifaranga anapokaribia kutoka, hutoboa utando wa chumba hicho kwa mdomo wake, na hapo ndipo anapovuta pumzi yake ya kwanza. Ikiwa yai halikupoteza maji ya kutosha, chumba huwa kidogo na mwili wa kifaranga huwa umejaa maji. Hana nafasi wala pumzi, akafa mlangoni. Ikiwa limepoteza kupita kiasi, utando hukauka ukamganda mwilini, asiweze kugeuka wala kutoka.

Kiasi kilicho sawa ni kwamba yai la bata, tangu kuwekwa hata siku ya 25, lipungue uzito wake kwa 12 hadi 14 kwa mia. Kwa hiyo chombo kilicho bora kuliko vyote katika kazi hii ni mizani. Tuseme una mayai kumi, na yote pamoja yana gramu 750. Siku ya 7 yapaswa kuwa kama gramu 723. Siku ya 14, kama 695. Siku ya 21, kama 668. Na siku ya 25, kama 652. Yakiwa mazito kuliko hesabu hii, punguza maji na fungua matundu ya hewa. Yakiwa mepesi kuliko hesabu, ongeza maji. Andika uzito wa kila yai juu ya ganda lake kwa penseli, ili ukiondoa yai bovu hesabu isiharibike.

Joto

Digrii zote tutakazozitaja ni za sentigredi. Sanduku lenye feni ndogo ya kuzungusha hewa lataka digrii 37.5. Sanduku lisilo na feni, hewa yake hujipanga tabaka, ya moto ikawa juu na ya baridi chini. Basi kipimajoto kiwekwe sawa na migongo ya mayai, nacho kisome digrii 38 hadi 38.5. Mwenye kukiweka karibu na globu, au chini sakafuni, atapata hesabu isiyokuwa ya mayai.

Kabla ya kukiamini kipimajoto, kijaribu. Chukua maji ya vuguvugu, utie humo kipimajoto chako pamoja na kile cha kupimia homa. Vikitofautiana, fuata cha homa, na tofauti hiyo uiandike juu ya sanduku. Kisha liwashe sanduku tupu kwa siku moja nzima, usiku na mchana, uone kama joto lake limetulia. Mayai yasiingie kabla ya hapo.

Fahamuni kuwa joto la kuzidi ni baya kuliko joto la kupungua. Umeme ukikatika kwa saa chache, funika sanduku kwa mablanketi wala usilifungue. Mayai yatachelewa kidogo, lakini mengi yatapona. Joto likizidi 39 kwa saa nyingi hudhuru, na likifika 41 huua upesi. Tena, baada ya juma la pili kifaranga aliye ndani ya yai huanza kutoa joto lake mwenyewe, na sanduku lililokuwa shwari siku ya 5 laweza kuchemka siku ya 20. Mwenye kuyaweka asilale kwa kuwa mwanzo ulikuwa mwema.

Unyevu

Katika siku 25 za kwanza unyevu wa hewa ya sandukuni uwe kama 55 kwa mia. Hapa watu wa pwani hukosea kwa njia mbili. Wa kwanza husema, "Hewa yetu imejaa maji, hatuna haja ya kutia maji." Wa pili, kama sisi, hujaza mabakuli. Ukweli u katikati. Hewa yenye joto la 28 na unyevu wa 80 kwa mia, ikiingia sandukuni na kupata joto la 37.5, maji yake hayaongezeki, lakini uwezo wake wa kubeba maji huzidi. Basi unyevu wake hushuka ukawa kama 47 kwa mia. Yahitaji kuongezwa kidogo tu, kwa kisahani kimoja. Ama ndugu yetu wa bara, ambaye hewa yake ni ya digrii 25 na unyevu wa 50 kwa mia, akiipasha hewa hiyo hubakiwa na 25 kwa mia tu, naye ataka chombo kipana zaidi. Sahani inayofaa Unguja haitafaa Dodoma, wala ya masika haitafaa kaskazi.

Tena, kinachoongeza unyevu ni upana wa maji, si kina chake. Sufuria yenye kina kirefu na mdomo mwembamba haizidi kisahani kipana chenye maji ya kidole kimoja. Sponji ikisimamishwa majini huongeza upana huo. Maji yawe ya vuguvugu na safi, yabadilishwe kila siku. Matundu ya hewa yasizibwe kamwe, kwani kifaranga hupumua tangu angali ndani ya ganda.

Asiye na kipimaunyevu aweza kukitengeneza. Chukua kipimajoto cha pili, vika ncha yake kitambaa cheupe cha pamba, na mwisho wa kitambaa uwe ndani ya kichupa cha maji. Katika sanduku lenye digrii 37.5 na hewa inayozunguka, kipimajoto hicho chenye kuloweshwa kikisoma karibu na 29.3, unyevu ni 55 kwa mia. Kikisoma 32 na kitu, umefika 70. Na mwenye kipimaunyevu cha dukani akijaribu hivi: atie chumvi ya mezani katika kifuniko cha chupa, ailoweshe kidogo isiyeyuke yote, aiweke pamoja na kipimo katika mfuko usiopitisha hewa. Baada ya saa 12 kipimo kisome 75. Kisiposoma hivyo, ajue kosa lake ni kiasi gani.

Kazi za kila siku

Chagua mayai yasiyozidi siku tano tangu kutagwa, kwani katika joto la nyumba zetu uhai ulio ndani ya yai huanza kuamka kabla ya wakati wake, kisha hudhoofika. Yaweke mahali pa baridi, ncha ikiwa chini. Yenye tope kidogo yafutwe kwa kitambaa kikavu. Usiyatie katika maji ya baridi, kwani yai hufyonza uchafu ndani kwa vitundu vyake.

Mayai hugeuzwa tangu mwanzo mpaka siku ya 25, na ni vizuri kugeuzwa mara nyingi, na idadi ya mara iwe isiyogawanyika kwa mbili, ili upande uliolala chini usiku mmoja uwe juu usiku unaofuata. Katika nyumba ya Kiislamu hakuna haja ya saa: baada ya kila Sala katika zile tano mtu mmoja huyageuza, akiwa na mikono safi. Andika alama mbili katika kila yai, upande huu msalaba na upande ule duara, upate kujua lililosahauliwa. Vijana wetu wa chuoni waliishika kazi hii na daftari lake, na hatukumbuki yai kusahauliwa.

Bata mwenyewe huondoka kitagoni kila siku kwenda kula na kuoga, kisha hurudi na manyoya ya maji. Kwa kuiga hayo, wafugaji wengi hufungua sanduku mara moja kwa siku, dakika 10 au 15, kuanzia siku ya 8 mpaka ya 24, wakayanyunyizia mayai maji ya vuguvugu kidogo. Jambo hili halina madhara madhali mizani inaonyesha kuwa uzito unapungua kama inavyotakiwa. Siku ya 7 yamulike kwa taa gizani: lenye mishipa kama mizizi lina uhai, lililo wazi kabisa halina mbegu. Mabovu yaondolewe yakafukiwe, kwani yai bovu la bata laweza kupasuka na kuyaharibu mengine.

Siku za mwisho

Siku ya 25 acha kugeuza. Shusha joto kidogo, hata 37.2, na pandisha unyevu ufike 70 kwa mia. Sasa, na sasa tu, ndipo maji mengi yanapotakiwa, ili utando usimkaukie kifaranga. Tangu hapo usifungue sanduku. Kila likifunguliwa unyevu hutoroka kwa mara moja. Bata huchukua siku moja hata mbili tangu kulitoboa ganda mpaka kutoka. Wala usimsaidie kwa haraka, kwani damu iliyomo katika utando huwa bado haijarudi mwilini, na ukiuchana utamtoa damu akafa.

Bata wenye ngozi nyekundu yenye vinundu usoni, ambao ni wengi vijijini kwetu, mayai yao huchukua siku 35, si 28. Basi kazi za siku ya 25 huahirishwa mpaka siku ya 32. Wako waliotupa mayai yaliyo hai kwa kutojua hesabu hii.

Ilimu hii si ngeni kwa umma wetu. Tabibu Abdul-Latif al-Baghdadi, aliyefariki mwaka 1231, alieleza katika kitabu chake juu ya Misri namna watu wa huko walivyokuwa wakitotoa mayai ya kuku kwa maelfu katika nyumba maalumu zenye moto. Hawakuwa na vipimajoto. Mafundi wao walilipima joto kwa kuligusisha yai kwenye kope ya jicho. Ilikuwa kazi ya kurithiwa baba kwa mwana, nao waliishika kwa uangalifu. Sisi tuliorahisishiwa kwa vyombo hatuna udhuru.

Msimu wa kusi uliofuata, yule mama alituletea mayai 12. Tulikataa kwanza, naye akasisitiza. Mara hii tulipima kila juma, na sahani ya maji tuliiondoa na kuirudisha kama mizani ilivyotuamuru. Wakatoka tisa, alhamdulillahi, na mwanawe mkubwa ndiye aliyewabeba kwenda nao nyumbani, ndani ya kikapu, hatua kwa hatua kama aliyebeba mayai.

Twawausia vijana watakaoianza kazi hii: anzeni na mayai yenu wenyewe, machache, na mizani kando yenu. Mkishayajua, ndipo mpokee ya watu.

Wabillahi tawfiq.