Gustave hakuharibiwa na vita

Kabla ya mchezo wa video wa Tears of the Kingdom kutoka Mei 2023, wapenzi wake walionyeshwa upanga wa kichawi wa shujaa wao ukiwa umeliwa na uovu, umekatika. Nadharia zikamiminika: nani kauharibu, na je, utatakasika? Kandokando ya Ziwa Tanganyika upande wa Burundi, kuanzia mlango wa mto Rusizi hadi Minago na Rumonge, iko nadharia inayofanana na hizo, ila hii ni ya mamba: Gustave. Inasema alikuwa mamba kama wenzake, mpaka vita vilivyofuata kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye, Oktoba 1993, vilipojaza maiti majini. Akaonja nyama ya mtu, akanogewa, asiache tena. Ni hadithi yenye mvuto, lakini ushahidi wake ni mwembamba.

Tuanze na yanayojulikana. Jina alipewa na Patrice Faye, Mfaransa aliyeishi Burundi na kumfuatilia kwa miaka. Mwilini alionekana na makovu matatu ya risasi, na jeraha kubwa kwenye bega la kulia. Urefu wake, unaotajwa kuwa zaidi ya mita 6, ulikadiriwa kwa macho tu, hakuna aliyempima. Umri ulisemwa kuwa miaka 100, mpaka ilipoonekana kwamba meno yake yamekamilika, jambo lisilotarajiwa kwa mamba mkongwe kiasi hicho, ukashushwa hadi kama 60. Mtego wa chuma wenye urefu wa mita 9 hivi ulitegwa na chambo ndani yake, hakuingia. Mwaka 2019 ikaandikwa kwamba ameuawa, bila picha wala mzoga. Ama hao watu 300 anaodaiwa kuwala, ni jumla ya masimulizi. Mvuvi akichukuliwa Minago au mtoto Rumonge, nani aliyemtazama mamba yule usoni akamtambua? Jina likishakuwepo, kila msiba hupata mwenyewe.

Atakayepinga atasema: mbona wazee wa ziwani wanakumbuka kwamba mashambulizi yalizidi wakati wa vita? Huenda yalizidi kweli, na sikatai kwamba mamba hujifunza penye mlo rahisi. Lakini vita vilifanya jambo jingine pia: viliwatoa watu makwao, vikawaacha wategemee maji ya mtoni na ziwani kwa kunywa, kufua na kuoga. Maiti na watu hai walifika majini wakati mmoja, na nadharia imeona maiti peke yake. Zaidi ya hapo, mamba wa Afrika hahitaji kuharibika ndipo ale mtu. Akishakuwa mkubwa huwinda wanyama wanaoshuka kunywa; mtu aliyeinama ukingoni na ndoo, kwake, ni windo kama mengine. Kule Uganda, kijiji cha Luganga kando ya Ziwa Victoria kilimlalamikia mamba kilichomwita Osama, akidaiwa kula watu zaidi ya 80, mpaka alipokamatwa akiwa hai mwaka 2005. Huko hapakuhitajika mto uliojaa maiti.

Hapo ndipo ninapoona ubaya wa nadharia hii, hata kama inasisimua barazani. Ikiwa tatizo ni mnyama mmoja aliyeharibika, basi akifa limekwisha, na hakuna wa kuulizwa kuhusu maji. Wakati huohuo ziwa limepanda miaka ya karibuni, likafurika Gatumba na sehemu za Rumonge, na maji ya mamba yakasogea milangoni mwa watu. Sri Lanka wana dawa isiyo na uchawi: uzio wa miti imara unaochomekwa majini pale watu wanapoogea. Viongozi wa Rumonge waanze na hilo, pamoja na mabomba ya maji katika mitaa ya ufukweni. Nawe msomaji uliye huko, usimtume mtoto ziwani kuchota maji jioni kwa kuwa umesikia Gustave amekufa.