Haki ya Kuliliwa: Misiba ya Watu Mashuhuri na Misiba Isiyotangazwa Nchini Burundi

Miongoni mwa sikukuu za kitaifa za Burundi zimo siku zinazotokana na vifo vya viongozi: tarehe 6 Aprili hukumbukwa Rais Cyprien Ntaryamira, aliyekufa mwaka 1994 katika ndege iliyotunguliwa Kigali, tarehe 13 Oktoba ni ya Mwanamfalme Louis Rwagasore, aliyeuawa mwaka 1961, na tarehe 21 Oktoba ni ya Rais Melchior Ndadaye, aliyeuawa mwaka 1993. Katika siku hizo ofisi za Bujumbura hufungwa, maua huwekwa makaburini, na taifa zima huhesabiwa kuwa limefiwa. Nchi hiyohiyo, hata hivyo, imepata misiba iliyoua watu wengi mno, ambayo kwa miongo kadhaa haikuwa na siku, kaburi wala tangazo. Ndiyo maana inafaa kuuliza ni kwa nini kifo cha mtu mmoja huitwa msiba wa taifa, ilhali vifo vya maelfu huachwa kuwa shauri la kila nyumba.

Sababu ya kwanza ni umaarufu wenyewe. Papy Faty, aliyewahi kuichezea timu ya taifa ya soka, Intamba mu Rugamba, alianguka uwanjani nchini Eswatini tarehe 25 Aprili 2019 akiwa na klabu ya Malanti Chiefs, akafariki dunia akiwa na umri wa miaka 28, mwezi mmoja tu baada ya Burundi kutoka sare ya 1–1 na Gabon mjini Bujumbura na kufuzu kwa mara ya kwanza fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika. Wengi waliomlilia hawakuwahi kuonana naye ana kwa ana. Mwaka 1956 Donald Horton na Richard Wohl waliichambua hali hiyo kuwa ni uhusiano wa upande mmoja, yaani ukaribu ambao msikilizaji au mtazamaji hujenga na mtu anayemsikia redioni au kumwona kwenye televisheni, ingawa mtu huyo hamfahamu. Ukaribu huo haustahili kudharauliwa, kwa kuwa shabiki anayemlilia mchezaji hulilia pia miaka yake mwenyewe aliyoitumia kuifuata timu.

Sababu ya pili ni umbo la kisa. Aristotle, alipoieleza tanzia, yaani mchezo wa kuigiza unaoishia katika maangamizi, alishikilia kwamba anayeamsha huruma na hofu ni mtu mwenye hadhi na neema anayeporomoka pasipo kuwa mwovu. Habari ya Rwagasore inakaribia sana umbo hilo: mwana wa Mwami Mwambutsa IV, kiongozi wa chama cha UPRONA kilichoshinda uchaguzi wa Septemba 1961, alikuwa waziri mkuu kwa wiki mbili hivi alipopigwa risasi na Mgiriki Jean Kageorgis katika hoteli iliyo kando ya Ziwa Tanganyika, akiwa na umri wa miaka 29. Kisa chenye uso, mahali na muuaji husimulika, lakini maelfu wakifa pamoja akili huelemewa, hali ambayo mwanasaikolojia Paul Slovic ameichunguza kama ganzi ya nafsi, yaani kufifia kwa huruma kadiri idadi ya waathirika inavyokua.

Hata hivyo, sababu hizo mbili hazitoshi, na mwaka 1972 unaonyesha upungufu wake. Charles Ndizeye, aliyetawala kwa muda mfupi mwaka 1966 kwa jina la Ntare V, alikuwa na umaarufu wote na anguko lote ambalo Aristotle angelitaka, lakini alipouawa Gitega tarehe 29 Aprili 1972 hakuzikwa kwa heshima za kifalme wala hakutangaziwa maombolezo. Siku hiyohiyo uasi wa Wahutu ulizuka kusini, pande za Rumonge na Nyanza-Lac, ambako Watutsi wengi waliuawa, na utawala wa Rais Michel Micombero ukajibu kwa kuwakamata na kuwaua Wahutu, hasa waliosoma: walimu, wanafunzi, wauguzi, watumishi wa serikali na askari. Makadirio ya waliokufa ni kati ya watu 100,000 na 300,000. Warundi huyaita mauaji hayo Ikiza, yaani baa, na waliouawa walipewa jina la abamenja, yaani wasaliti. Na kwa kuwa msaliti haombolezwi hadharani, wajane na yatima walilia ndani kwa ndani.

Uzito wa katazo hilo huonekana vizuri kwa kuangalia mila, kwa maana matanga ya Warundi hufuata hatua zinazojulikana: baada ya maziko huja guca ku mazi, yaani kuanua matanga kwa sehemu, na baadaye sana kuganduka, kunakohitimisha msiba na kuwarudisha wafiwa katika maisha ya kawaida. Pasipo mwili na pasipo ruhusa hatua hizo hazianzi, na msiba usioanza hauna namna ya kuhitimishwa. Kenneth Doka ameuita msiba wa aina hiyo huzuni iliyonyimwa haki, yaani huzuni ambayo jamii haiitambui na haiipi nafasi ya kuonyeshwa.

Mwaka 1993 uliongeza ugumu mwingine, kwa sababu kifo cha Ndadaye, rais wa kwanza kuchaguliwa katika uchaguzi wa vyama vingi uliofanyika mwaka huo, kilifuatwa mara moja na mauaji mengine, yakiwemo ya wanafunzi wa Kitutsi waliochomwa moto Kibimba. Kwa hiyo tarehe 21 Oktoba wengine humkumbuka rais, wengine huwakumbuka watoto hao, na mara nyingi kila upande huomboleza peke yake. Wakimbizi wa Kibanyamulenge, yaani Watutsi kutoka Kongo, zaidi ya 150 waliouawa Gatumba, karibu na Bujumbura, tarehe 13 Agosti 2004, nao wamewekewa kumbukumbu na manusura wenyewe, ambao wengi sasa wanaishi Marekani.

Mwanzoni mwa mwaka 2020 Tume ya Ukweli na Maridhiano ilifukua makaburi ya halaiki mkoani Karusi na kutangaza kwamba imepata mabaki ya watu zaidi ya 6,000, ambao baadhi yao walitambuliwa kwa nguo, miwani na rozari. Wakosoaji wameilaumu tume hiyo kwa kuelemea upande mmoja wa historia, lakini ufukuaji wenyewe uliwapa wazee waliofiwa mwaka 1972 fursa ya kulia hadharani. Miezi michache baadaye, Rais Pierre Nkurunziza alipofariki tarehe 8 Juni, serikali ilitangaza maombolezo ya siku saba papo hapo.

Kwa sababu hiyo, lawama inayorudiwa kila anapokufa mtu maarufu, kwamba wanaomlilia wamewasahau wanyonge, haielekezwi panapostahili. Faty alililiwa kwa uhuru kwa kuwa hapakuwa na mtu mwenye haja ya kuficha kifo chake, na machozi ya waliomlilia hayakumpunguzia mwingine chochote. Waliouawa mwaka 1972 walinyimwa maombolezo kwa amri na kwa hofu, wala si kwa mapenzi ya watu kwa Rwagasore. Jamii inayotaka kusawazisha misiba yake haina haja ya kumkemea shabiki anayelia. Inachopaswa kudai ni kwamba kila aliyekufa, awe wa upande wowote, atajwe jina, azikwe panapojulikana, na wafiwa wake wapewe ruhusa ya kuanua matanga.