Je, wajua kwa nini kadi ya grafiki huiacha mbali prosesa katika kung'arisha picha?

Tuchukue mwenye studio ya picha aliyeko Itaka, wilayani Mbozi. Kaletewa picha ya babu iliyofifia na kukunjika, naye anataka kuirudisha kwa programu ya akili mnemba kama Topaz Photo AI, au Upscayl ambayo ni ya bure. Kompyuta yake inajikongoja. Akipata fedha kidogo anunue nini kwanza, prosesa mpya au kadi ya grafiki? Jibu langu ni kadi, na hesabu yenyewe inaonyesha sababu. Picha ya pikseli 4000 kwa 3000 ina pikseli milioni 12. Katika hatua moja ya kawaida, programu hutazama kila pikseli pamoja na majirani zake, mraba wa 3 kwa 3, katika tabaka 64 za taarifa, kisha huzaa tabaka nyingine 64. Hapo kuna kuzidisha mara 36,864 kwa pikseli moja. Kwa picha nzima ni bilioni 442 hivi. Hiyo ni hatua moja tu, na programu huwa na hatua nyingi.

Prosesa yenye viini 8 vya kasi ya gigahezi 3, ikijitahidi hadi mwisho wa uwezo wake, huweza kuzidisha kama mara bilioni 384 kwa sekunde. Kadi ya RTX 3060 ina viini vidogo 3,584, na uwezo wake wa juu unazidi trilioni 6: mara 16 na ushei. Kiini kimoja cha prosesa kina akili na wepesi kuliko kimoja cha kadi, lakini pikseli hazingojani. Ni kama msimu wa kahawa: mchumaji hodari peke yake hamalizi shamba kabla ya kijiji kizima. Kazini pande zote mbili hupungukiwa kasi, maana namba lazima zisafirishwe kutoka kwenye memori. Na huko pia kadi hii hupitisha gigabaiti 360 kwa sekunde, wakati memori ya kawaida ya DDR4 hupitisha 51 hivi.

Wapo watakaosema kadi inakula umeme. Kweli, hii huvuta wati 170. Ila mita ya LUKU haihesabu wati peke yake, huhesabu wati na muda. Prosesa ya wati 65 ikitumia dakika 16 hula uniti 0.017, kadi na prosesa pamoja, kwa dakika moja, hula 0.004. Hoja nzito zaidi ni ya anayepiga picha za paspoti tu: pikseli 600 kwa 600 ni laki tatu na sitini elfu, na prosesa huzimaliza bila shida. Huyo abaki na fedha zake. Wala kadi haiongezi ukweli. Programu ikibuni macho ya babu ambayo kamera haikuyanasa, prosesa itayabuni taratibu, kadi itayabuni haraka.

Anayenunua asikimbilie idadi ya viini, aangalie kwanza memori ya kadi. Zile tabaka 64 za picha moja, kwa baiti 4 kila namba, zinataka gigabaiti 3 peke yake. Ndiyo maana programu hukata picha vipande vipande, na kadi yenye memori ya gigabaiti 2 hukata vidogo zaidi, au hugoma kabisa. Baada ya memori, afungue kompyuta yenyewe atazame pawa saplai. RTX 3060 hupendekezewa ya wati 550, na kompyuta nyingi ndogo za mtumba zilizotoka maofisini hazifikishi hata 300.