Bima ya Afya kwa Wote: Wapinzani wa Muswada Walikuwa na Hoja Gani?

Mgonjwa ambaye figo zake zimeshindwa kufanya kazi kwa kawaida husafishwa damu kwa mashine mara tatu kila wiki, mwaka hata mwaka. Ni kaya chache mno ziwezazo kuhimili gharama hiyo kwa fedha za mfukoni. Ndiyo maana Muswada wa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote uliposomwa bungeni Dodoma kwa mara ya kwanza, Septemba 2022, sisi tunaowahudumia wagonjwa hawa tuliupokea kwa matumaini. Hata hivyo, wananchi wengi waliupinga. Je, walikuwa wakiikataa bima?

Hoja ya kwanza ilihusu ulazima. Muswada ulipendekeza kuifungamanisha bima na huduma nyingine, zikiwemo leseni ya udereva na leseni ya biashara. Kitaalamu, ulazima una sababu yake. Tuseme kaya 100 zinachangiana, na kila mwaka kaya 10 zinapata maradhi yanayogharimu shilingi 3,400,000 kwa kila moja. Jumla ni shilingi 34,000,000, yaani shilingi 340,000 kwa kila kaya. Kaya 50 zenye afya zikijitoa, hamsini zilizobaki zitalazimika kulipa shilingi 680,000 kila moja. Hapo wazima wengine nao watajitoa, na mwishowe watabaki wagonjwa peke yao katika mfuko usio na kitu. Hatari hiyo si ya nadharia tu. Mwaka 2023, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulipobadili utaratibu wa kusajili watoto kupitia Toto Afya Kadi, sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba wazazi wengi waliwaandikisha watoto ambao tayari walikuwa wagonjwa.

Hoja ya pili ilihusu kiwango. Wakati huo kilitajwa kiasi cha shilingi 340,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita, na shilingi 84,000 kwa mtu mmoja. Kaya za mikoani zilizokuwa katika Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa zilikuwa zikichangia shilingi 30,000. Ni kweli kwamba mafao ya mifuko hiyo hayalingani. Lakini kwa mkulima anayeshika fedha mara moja tu kwa mwaka, baada ya mavuno, ongezeko la zaidi ya mara 11 si jambo la kuelimishwa; ni jambo la uwezo.

Hoja ya tatu ndiyo iliyokuwa nzito kuliko zote: nani atamlipia asiye na uwezo? Sheria humlazimisha mtu alipe. Haimpi fedha za kulipia. Muswada uliahirishwa, ukafanyiwa kazi upya, na Bunge likaupitisha Novemba 2023 ukiwa na mfuko maalumu wa kugharamia wasio na uwezo, utakaotunishwa kwa vyanzo kama vile ushuru wa vinywaji vyenye kaboni, vileo na vipodozi. Hivyo upinzani haukuiua bima. Uliilazimisha ijibu swali lililoachwa wazi.

Ipo hoja ya nne, ambayo haimalizwi bungeni. Mwanachama aliyelipa mchango wake, kisha akaandikiwa dawa akanunue nje kwa sababu duka la dawa la hospitali halina, atawasimulia jirani zake. Simulizi hiyo ina nguvu kuliko tangazo lolote la redio.

Kwa watumishi wenzangu wa afya: mgonjwa anapolalamikia bima, tusiharakishe kumwona mjinga. Tumsikilize, tumweleze mafao yake kwa lugha nyepesi, na asiye na uwezo tumwelekeze ofisi ya ustawi wa jamii kabla hajakata tamaa na kurudi nyumbani.

Kwa wagonjwa na familia zao: ulizeni kitita chenu kinagharamia nini na hakigharamii nini, na mjiunge mngali wazima. Shinikizo la damu na kisukari, ambavyo ni miongoni mwa visababishi vikuu vya figo kushindwa kufanya kazi, huanza kimya kimya. Asiyeogopa gharama ya kupima hugundulika mapema, na wengi wa wanaogundulika mapema hawafikii mashine ile.