Je, Wajua? Sinki Inaumizwa na Waya, Si na Kisu

Je, wajua kwamba “pua” katika “chuma cha pua” si ile ya kunusia? Ni neno jingine kabisa, lenye maana ya chuma kigumu. Hapa Kisumu twasema stenlesi na mambo yanaisha.

Je, wajua kuwa aliyekitengeneza hakuwa akifikiria jikoni? Mwaka 1913 Harry Brearley wa Sheffield, Uingereza, alikuwa akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki. Akachanganya kromiamu, akapata chuma kinachokataa kutu.

Je, wajua kuwa stenlesi ina ngozi? Kromiamu hukutana na hewa na kufanya utando mwembamba usioonekana kwa macho. Ukiukwaruza, unajiotea tena wenyewe, mradi hewa ipite na pawe safi. Kwa hiyo mkwaruzo mtupu haushiki kutu.

Basi yale madoa mekundu ya asubuhi yanatoka wapi? Yanatoka kwenye waya wa kusugulia sufuria. Waya ule ni chuma cha kawaida. Unakatika vipande vidogo mno, vinanasa ndani ya mikwaruzo ambayo waya wenyewe umeichora, na vikipata maji usiku kucha vinaota kutu. Mwenye nyumba anaapa aliuziwa sinki bandia. Sinki haina kosa.

Je, wajua kuwa punje nyingi za mchanga ni ngumu kuliko stenlesi? Katika kipimo cha ugumu cha Mjerumani Friedrich Mohs, cha mwaka 1812, zinafika 7, nayo stenlesi iko chini yake. Sufuria ya alumini yenye masizi waweza kuisugua kwa mchanga wa ufuoni kama walivyofanya mama zetu. Ukileta mchanga huohuo kwenye sinki, mng’aro umekwisha.

Mombasa upepo wa bahari hubeba chumvi, adui wa utando huo. Sisi ziwa letu ni la maji baridi, tumebahatika. Lakini chumvi tunaimwaga wenyewe: omena imetiwa chumvi, maji yake yakaachwa sinkini hadi kesho.

Jiki nayo ina klorini, na ikilala juu ya stenlesi hutoboa vishimo. Itumie, kipindupindu si mzaha, kisha suuza mara moja kwa maji mengi. Na usiichanganye na siki kamwe, maana hutoa gesi yenye sumu.

Je, wajua kuwa sumaku si hakimu wa haki? Aina ya 304, yenye nikeli, haivutwi sana na sumaku. Aina ya 430 inavutwa, na bado ni stenlesi, ingawa hushika kutu upesi zaidi.

Viwanda vinavyokata minofu ya mbuta kwa soko la Ulaya havitumii meza za stenlesi kwa urembo. Kanuni ya usafi wa chakula ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2004 yataka mahali panapogusa chakula pawe laini, paoshwe kwa urahisi na pasishike kutu. Ndani ya mkwaruzo mzito bakteria hujificha. Kwa hiyo samaki kama ngege mkatie juu ya ubao, si juu ya meza tupu.

Umeshakwaruza? Inamisha kichwa kuelekea mwanga wa dirisha utazame mistari myembamba ya chuma inaelekea wapi. Mkwaruzo mdogo, tia magadi ya kuokea yaliyokorogwa na maji, sugua kwa kitambaa ukifuata mistari. Ukikaidi, zungushia kibao msasa namba 600 uliolowa, uvute upande mmoja tu. Namba 400 ndiyo ya kukwaruza zaidi, iwe kimbilio la mwisho. Panua eneo kidogo, la sivyo utabaki na kiraka. Usizungushe mkono kamwe! Mimi nilizungusha, na duara lile linanitazama kila nikiosha vikombe.

Stenlesi inayong’aa kama kioo usiiguse kwa msasa, mwite fundi. Mkwaruzo unaokwamisha ukucha nao hautoki kwa magadi.

Na waya ule ulio kando ya sinki yako sasa hivi, uhamishie kwenye sufuria za alumini.