Joto la Injini: Pikipiki za Mbinga na Mashua za Ziwa Nyasa

Msafiri atokaye Mbinga mjini kwenda Mbamba Bay huteremka, katika mwendo wa kilometa 66 hivi, kutoka nchi ya milima ya Umatengo, yenye kahawa na mashamba ya ngoro, hadi ufukoni mwa Ziwa Nyasa. Mji wa Mbinga uko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Uso wa ziwa uko kwenye mita 475 hivi. Milimani chombo kinachotegemewa na watu wengi ni pikipiki. Ziwani ni mashua au mtumbwi wenye injini ya kupachika nyuma. Vyombo vyote viwili hununuliwa kwa akiba ya muda mrefu, na vyote viwili vikishindwa kazi mahali pabaya huweza kuondoa uhai wa mtu.

Aghalabu wenye vyombo hivi huvitazama kama vitu viwili visivyohusiana. Katika makala haya tutaonyesha kwamba kanuni inayoviongoza ni moja. Injini ni tanuri linalofanya kazi. Na mwenye kufahamu joto linakotoka na linakokwenda ataweza kuitunza injini ya nchi kavu na ya majini pia.

Asili moja

Mwaka 1885 Wajerumani wawili, Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach, walifunga injini ndogo ya petroli kwenye fremu ya mbao yenye magurudumu mawili. Hicho huhesabiwa na wengi kuwa pikipiki ya kwanza ya petroli. Mwaka uliofuata, 1886, injini ya aina hiyohiyo ilifungwa katika mashua na kujaribiwa katika mto Neckar. Hivyo pikipiki na mashua ya petroli ni ndugu waliofuatana kwa mwaka mmoja. Injini ya kupachika nyuma ya chombo ilienea baadaye, hasa baada ya Ole Evinrude, fundi mzaliwa wa Norwei aliyeishi Marekani, kuanza kuuza injini zake mwaka 1909.

Ndani ya injini hizo zote mchanganyiko wa hewa na petroli huwashwa na cheche ya plagi. Gesi iliyopata joto hutanuka, huisukuma pistoni ndani ya silinda, na pistoni huuzungusha mhimili uliopinda uitwao fitokombo. Kutoka hapo, mnyororo hupeleka mzunguko kwenye gurudumu la pikipiki, au mhimili wa wima huupeleka chini kwenye rafadha ya mashua.

Petroli huenda wapi?

Lita moja ya petroli ina nishati ya megajuli 32 hivi. Katika injini ndogo, ni kati ya robo na theluthi tu ya nishati hiyo inayogeuka kuwa kazi. Sehemu iliyobaki hutoka kama joto: nyingine kwa njia ya bomba la moshi, nyingine kupitia kuta za silinda. Joto hili la kuta ndilo linalopaswa kuondolewa wakati wote. Lisipoondolewa, pistoni hutanuka, utando wa mafuta ya kulainisha huvunjika, na vyuma husuguana vitupu mpaka vinashikana. Mafundi husema injini "imekwama".

Pikipiki nyingi tuzionazo Mbinga hupozwa kwa hewa. Silinda yake imezungushiwa mapezi ya alumini ili eneo linaloguswa na upepo liwe kubwa. Yafuata kwamba injini hii hutegemea mwendo. Pikipiki inayopanda mlima polepole kwa gia ya kwanza, imebeba abiria wawili na mzigo, huzalisha joto jingi huku ikipata upepo mdogo. Tope lililokaukia katikati ya mapezi huzuia joto kutoka. Vivyo hivyo maturubai na kinga za miguu zinazofungwa mbele ya injini kwa ajili ya mvua. Kusafisha mapezi kwa maji na brashi, injini ikiwa imepoa, ni kazi ya dakika chache isiyohitaji fundi. Injini ikipata joto kupita kiasi, simama, uzime, uiache ipoe yenyewe. Usiimwagie maji baridi: chuma kilichotanuka kikinywea ghafla upande mmoja huweza kupasuka.

Jambo jingine la milimani ni wepesi wa hewa. Kwa kila mita 100 za kupanda, injini isiyo na kifaa cha kusukuma hewa hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu zake. Kwa hiyo pikipiki ileile ina nguvu pungufu kwa asilimia 8 hivi ikiwa mita 800 juu ya ziwa. Si ubovu, wala hakuna haja ya kuichokoa kabureta kila safari. Rangi ya plagi itakueleza hali ya mchanganyiko: kahawia hafifu ni dalili njema; nyeusi yenye masizi huonyesha petroli nyingi mno au kichujio cha hewa kilichoziba; nyeupe huonyesha petroli chache na joto kali.

Injini ya mashua hupozwa kwa maji ya ziwa lenyewe. Chini, karibu na rafadha, kuna matundu ya kuingizia maji na pampu ndogo yenye panga za mpira. Hebu tukadirie kazi ya pampu hiyo. Injini ya nguvu za farasi 15 hutoa takriban kilowati 11. Tukichukulia kwamba joto lipitalo katika kuta za silinda ni sawa na kazi hiyo, basi kila dakika hupita kilojuli 660, yaani joto la kutosha kuchemsha lita 2 za maji ya ziwa yaliyokuwa na nyuzi 25. Pampu ikisimama, injini haina muda mrefu.

Ndiyo maana kila injini ya namna hii ina kijito chembamba cha maji kinachoruka nje wakati inapofanya kazi. Nahodha mwangalifu hukitazama mara kwa mara. Kijito kikikatika, azime mara moja, ainue injini, aondoe magugu au mfuko wa plastiki ulioziba matundu. Mchanga nao ni adui: anayewasha injini pwani, rafadha ikiwa inatifua mchanga, hukwangua panga za mpira. Na asiiwashe nchi kavu ili kuijaribu, kwani mpira ule hulainishwa na maji yenyewe. Ukizunguka mkavu huungua upesi.

Mteremko na breki

Sasa turudi barabarani. Pikipiki, dereva, abiria na mzigo wao, jumla kilo 250, wakiwa mita 800 juu ya ziwa wana nishati tuli ifuatayo:

250 × 9.8 × 800 = juli 1,960,000

Ili kuwapandisha huko, injini inayogeuza robo ya nishati ya petroli kuwa kazi hutumia karibu robo lita kwa kazi ya kuinua peke yake. Lakini nishati hiyo haikupotea. Wakati wa kuteremka hurudi yote, nayo lazima iende mahali. Sehemu huchukuliwa na upinzani wa hewa na magurudumu. Inayobaki huwa joto la breki. Ingekwenda yote kwenye breki, ingeweza kuchemsha karibu lita 6 za maji kutoka nyuzi 20 hadi 100. Breki za pikipiki ni kilo chache tu za chuma.

Breki ya ngoma ikipata joto, ngoma hutanuka na kujitenga na viatu vya breki, na msuguano wa viatu hupungua. Dereva hukanyaga zaidi na kupata kidogo. Katika breki ya sahani, mafuta ya breki yaliyozeeka huwa yamenyonya unyevu. Unyevu huo huchemka, mvuke hubonyea, na mkono wa breki huingia hadi mwisho bila kufanya kazi. Dereva hudhani breki "zimekatika ghafla", kumbe zilikuwa zikidhoofika kwa kilometa kadhaa.

Dawa ni kuiachia injini sehemu ya kazi. Teremka kwa gia ndogo, kaba petroli, na injini itakuzuia yenyewe. Wako madereva wanaozima injini na kuachia gia huru ili waokoe petroli. Kinachookolewa ni kidogo sana, kwani injini isiyovutwa kaba hunywa petroli chache. Kinachowekwa rehani ni breki zote mbili na watu waliopakiwa.

Hatari ya dumu moja

Familia yenye pikipiki na mashua huweza kununua petroli katika dumu moja. Hapa pana hatari. Pikipiki nyingi za leo zina injini ya mapigo manne. Mafuta yake ya kulainisha hukaa chini ya injini na kubadilishwa kwa kipindi maalumu. Injini nyingi za mashua ni za mapigo mawili, na katika nyingi kati ya hizo petroli hupita chini ya pistoni kabla ya kuwaka, ikibeba mafuta ya kulainisha yaliyochanganywa nayo. Kiwango cha kawaida ni sehemu 50 za petroli kwa 1 ya mafuta, yaani mililita 20 kwa kila lita, isipokuwa kitabu cha mtengenezaji kisema vinginevyo. Injini hiyo ikitiwa petroli tupu ya pikipiki, haina kilainisho chochote, nayo itakwama. Pikipiki ikitiwa petroli ya mashua, plagi yake hujaa masizi. Madumu mawili yaliyoandikwa kwa rangi isiyofutika ni kinga ya bei nafuu.

Kuongeza vifaa na mizigo

Wenye pikipiki hupenda kuongeza kichanja cha chuma, masanduku, vioo vya kukinga upepo na taa. Kila nyongeza hubadili mizania. Chukua pikipiki yenye mita 1.3 kati ya ekseli mbili. Gunia la kilo 60 likifungwa hivi kwamba kitovu chake cha uzito kiko sentimeta 30 nyuma ya ekseli ya nyuma, gurudumu la mbele hupunguziwa mzigo wa 60 × 0.3 ÷ 1.3, yaani karibu kilo 14. Usukani huwa mwepesi, na mlimani hali huzidi. Mzigo ufungwe chini na mbele iwezekanavyo.

Mashuani ni hivyohivyo. Injini kubwa kuliko kiasi cha chombo hukizamisha upande wa nyuma, na wimbi likija kutoka huko huingia ndani.

Kuna pia pikipiki za maji, zionekanazo zaidi katika fukwe za watalii. Hazina rafadha ya nje: pampu huvuta maji chini ya chombo na kuyarusha nyuma kwa nguvu, na chombo husukumwa mbele kwa kani iliyo sawa na hiyo. Usukani hugeuza mdomo unaorusha maji. Mwenye kuachia kaba kwa hofu, akidhani atakwepa kitu, huondoa mkondo wa maji na hapo hapo hupoteza uwezo wa kukata kona. Pampu hiyo pia hunyonya mchanga, kokoto na kamba, kwa hiyo haifai kuwashwa katika maji mafupi.

Injini ikizimika ziwani

Ziwa Nyasa lina urefu upatao kilometa 560. Upepo mkali wa kusini, uitwao mwera, ambao huvuma zaidi kati ya Mei na Agosti, husafiri juu ya maji kwa umbali mrefu na kujenga mawimbi makubwa. Chombo kisicho na mwendo hujigeuza ubavu kwa mawimbi, na huo ndio mlango wa kupinduka. La kwanza si kufungua injini, bali kuelekeza omo kwenye mawimbi: kwa makasia, au kwa kutupa ndoo iliyofungwa kamba kwenye omo. Ndoo ikivutwa majini hushika kama breki. Nanga huenda isifike chini, kwani kina cha ziwa mahali pengine hufikia takriban mita 700. Baada ya hapo ndipo mtu akague petroli, kichujio na plagi.

Kwa sababu hiyo, chombo kisiondoke ufukoni bila maboya ya kila mtu, makasia, ndoo na kamba, plagi ya akiba na spana yake, na kamba ya kuwashia. Dereva wa pikipiki naye awe na kofia ngumu, plagi, spana na vifaa vya kuziba pancha.

Jaribio kwa darasa

Chukueni makopo matatu yaliyo sawa, mtie katika kila moja kiasi kilekile cha maji ya moto. Kopo A liacheni mezani. B lipepeeni mfululizo kwa kipande cha boksi. C liwekeni ndani ya beseni la maji baridi. Pimeni halijoto kila baada ya dakika 2 kwa muda wa dakika 10, kisha choreni grafu. Kopo lipi linafanana na pikipiki iliyosimama na injini ikiunguruma, lipi na pikipiki iliyo mwendoni, na lipi na injini ya mashua?

Maswali

1. Mashua yenye tangi la lita 25 inahitaji mililita ngapi za mafuta kwa kiwango cha 50 kwa 1?

2. Rudieni hesabu ya mteremko kwa pikipiki yenye jumla ya kilo 300. Joto limeongezeka kwa asilimia ngapi?

3. Gunia lililotajwa hapo juu likisogezwa mbele hadi kitovu chake kiwe juu ya ekseli ya nyuma, gurudumu la mbele litapunguziwa kilo ngapi? Elezeni sababu.